Aliyekuuma si Mbu: Mwongozo Kamili wa Nzi wa Mchanga na Leishmaniasisi ya Ngozi Vijijini

Watu wengi huanza vita na mdudu huyu kwa kufukia madimbwi. Wanapindua makopo, wanafunika mapipa ya maji, wanafyeka nyasi hadi uwanja unabaki mweupe. Miezi inapita, kisha mtoto anatokwa na kipele shavuni. Kipele kinakuwa kivimbe, kivimbe kinapasuka, kidonda kinakataa kupona. Si kwamba wazazi wake walizembea. Walikuwa wanapigana na mbu, na aliyemuuma mtoto si mbu.

Nzi wa mchanga hataki maji ya kutuama. Anataka udongo wenye unyevunyevu kidogo, giza na mabaki ya kuoza. Tena kidonda anachokiacha, cha ugonjwa uitwao leishmaniasisi ya ngozi, hujitokeza baada ya wiki nyingi au miezi, wakati aliyeumwa ameshasahau alilala wapi. Kwa hiyo kazi ya kupambana naye ina mambo mawili yasiyozoeleka: kutazama udongo badala ya maji, na kuhesabu siku kurudi nyuma.

Hatua ya kwanza: mjue kwa sura

Kabla ya sura, jina. Wengine humwita usubi, na jina hilo linachanganya, kwa sababu sehemu nyingine usubi ni yule mdudu mweusi mwenye kibyongo anayezaliana kwenye mito iendayo kasi na kueneza upofu wa mto. Yule mabuu yake huishi majini, huyu wetu huishi nchi kavu. Hata "nzi wa mchanga" ni jina la kupotosha kidogo: usimtafute ufukweni. Rangi yake ndiyo inayofanana na mchanga.

Ni mdogo sana, milimita 2 hadi 3 tu, kama theluthi moja ya mbu. Mwili umejaa manyoya. Akitua, mabawa husimama juu mithili ya herufi V, tofauti na mbu anayeyalaza mgongoni. Haruki kwa mstari mrefu. Hurukaruka ukutani hatua fupi fupi, anatua, anaruka tena. Wala haimbi. Mbu hutangaza ujio wake sikioni mwako, huyu utamjua kwa mchomo, na wakati mwingine hutamjua kabisa.

Anayeuma ni jike peke yake, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Mdomo wake ni mfupi, hivyo hachomi kama sindano. Anachana ngozi, damu inajikusanya katika kidimbwi kidogo, naye ananyonya hapo. Kama damu hiyo ilitoka kwa mnyama au mtu mwenye vimelea vya leishmania, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoleta ugonjwa huu, vimelea huingia tumboni mwa mdudu na kuongezeka kwa siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi. Kisha hutokea jambo la ajabu: vimelea hutengeneza kitu kama ute unaoziba njia ya chakula ya nzi. Nzi mwenye njaa anauma, hashibi, anauma tena hatua mbili pembeni, na kila anapojaribu anatapika vimelea ndani ya ngozi. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuamka na alama tatu zilizojipanga mkononi, na baadaye vidonda vitatu.

Kumtia mdudu huyu hatiani kulichukua muda. Mwaka 1921 watafiti wawili wa familia moja, ndugu Sergent, na wenzao, wakifanya kazi Algeria, walisaga nzi wa mchanga waliokamatwa porini na kuwapaka kwenye ngozi iliyokwaruzwa, na kidonda kikatokea. Uthibitisho kwamba kuumwa kwenyewe kunatosha ulisubiri hadi 1941, kazi ya watafiti Adler na Ber.

Hatua ya pili: uliza vimelea vimejificha kwa nani

Shirika la Afya Duniani hukadiria wagonjwa wapya wa leishmaniasisi ya ngozi kuwa kati ya 600,000 na milioni 1 kila mwaka, wengi mno wakiwa katika nchi za Amerika, pembezoni mwa Bahari ya Mediterania, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati. Aina za nzi zinazojulikana kueneza leishmania zinazidi 90, na vimelea vyenyewe vina spishi zaidi ya 20. Huhitaji kuzijua zote. Unachohitaji ni kujua hadithi ya eneo lako, kwa sababu dawa ya tatizo inabadilika kulingana na nani anayefuga vimelea.

Katika nchi kame za Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati, wafugaji wa vimelea ni panya wa nyika wanaochimba mashimo marefu. Shimo la panya ni jumba kamili la nzi: lina unyevu, giza, mavi ya kulisha mabuu, na damu ya kunywa bila kutoka nje. Shamba likisogea hadi penye mashimo, mkulima anakuwa jirani mpya wa nzi. Katika nyanda za juu za Ethiopia na miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kenya, mwenyeji ni pimbi, na nzi hukaa kwenye mapango na majabali anakoishi pimbi huyo. Katika misitu ya Amerika Kusini ni wanyama wadogo wa msituni, na wanaougua kwanza ni wakata miti na wanaofungua mashamba mapya. Lakini ipo pia aina ambayo mtu humwambukiza mtu kupitia nzi, kama ilivyo katika jiji la Kabul, Afghanistan. Hapo mgonjwa asiyetibiwa ndiye hifadhi ya ugonjwa, na kumtibu mapema ni kumlinda jirani.

Waulize wachungaji. Mtu anayeshinda na kulala porini anajua majabali yenye pimbi na mashamba yaliyojaa mashimo kuliko ramani yoyote.

Hatua ya tatu: zunguka nyumba jioni, kisha tega karatasi

Chukua tochi jua likianza kuzama. Anza nje. Tazama nyufa za ukuta, hasa nyumba za udongo au matofali mabichi, na chini kabisa pale ukuta unapokutana na ardhi. Tazama zizi, samadi iliyorundikwa, kuni zilizokaa muda mrefu, lundo la mawe au vifusi, vichuguu vya zamani, mashina ya miti yenye matundu, majani yanayooza. Jike hutaga mayai machache machache katika sehemu kama hizo. Buu hula mabaki yanayooza, na safari kutoka yai hadi mdudu mwenye mabawa huchukua takriban mwezi mmoja hadi miwili, kutegemea joto. Usijisumbue kutafuta mabuu: hata wataalamu wenye vifaa hupekua udongo siku nzima wakapata wachache. Tafuta makao, si mabuu.

Kuwajua nzi waliokomaa ni rahisi zaidi, na hapa kuna mbinu ya zamani ambayo ningependa kila kijiji kiijue. Chukua karatasi nyeupe nene, ukubwa wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Ipake mafuta ya mbarika pande zote mbili kwa brashi, yaenee bila kudondoka. Mafuta haya yanafaa kwa kuwa ni mazito na angavu: mdudu akigusa hanasuki, nawe unamwona vizuri. Chomeka karatasi kwenye kijiti kilichopasuliwa ncha, uisimamishe kwenye mdomo wa shimo la panya, kando ya ufa, zizini, na nyingine karibu na kitanda. Andika namba na mahali kwenye kona ya kila karatasi kwa penseli kabla ya kupaka mafuta, kwani baadaye haitaandikika. Tega kabla jua halijazama, kusanya alfajiri kabla kuku na sisimizi hawajafika.

Wadudu wa kila namna watanasa. Tafuta wale wadogo wenye manyoya na macho meusi makubwa ukilinganisha na kichwa. Hesabu, andika. Ukiwapata zizini wengi na chumbani hakuna, umejua pa kuanzia. Ukiwapata wengi chumbani, wanapumzika ukutani mwako mchana, na ukuta ndio wa kushughulikiwa. Baadhi yao watoe taratibu kwa ncha ya brashi, wahifadhi kwenye kichupa chenye spiriti, uwapelekee maafisa wa afya: wataalamu wa wadudu wanaweza kutambua spishi, jambo ambalo kwa macho matupu haliwezekani.

Usiku wenye upepo mkali usitege. Nzi huyu ni dhaifu, upepo humzuia kuruka, na karatasi tupu itakudanganya kwamba hayupo. Pia usidhani mtego huu unapunguza nzi. Ni jasusi, si askari.

Hatua ya nne: bomoa makao yake

Nzi wa mchanga kwa kawaida hasafiri mbali, aghalabu mita mia kadhaa tu kutoka alikozaliwa. Hiyo ni habari njema: uchafu ulio karibu nawe ndio wenye madhara, na kazi unayofanya uani kwako haipotei bure hata kama kijiji cha pili hawajaanza.

Ziba nyufa. Kandika upya ukuta, piga lipu ukiweza, na usiache ule ukanda wa chini unaolowa na kumomonyoka. Sogeza zizi mbali na chumba cha kulala. Watu hubishana kama mifugo huvuta nzi waje nyumbani au huwavuta wamwache mtu, na ukweli ni kwamba yote mawili huweza kutokea. Lakini samadi mbichi chini ya dirisha haina utetezi wowote. Izoe mara kwa mara, ipeleke shambani. Kuni zipangwe juu ya kichanja, si juu ya udongo. Nafaka ihifadhiwe panya asikofika, maana panya akifuata chakula, nzi humfuata panya.

Kuhusu mashimo, kuyafukia kwa jembe siku moja ni kupoteza jasho, kwa kuwa panya atachimba upya kabla ya wiki kwisha. Kilichofanikiwa Asia ya Kati ni kulima ardhi kwa kina kwa matrekta hadi mtandao mzima wa mashimo ukavunjika, kisha kuendelea kuitumia ardhi hiyo ili panya wasirudi. Hiyo ni kazi ya serikali au ushirika, si ya familia moja. Familia inaweza kuamua jambo dogo lenye uzito uleule: wapi pa kujenga. Usijenge juu ya mashimo wala chini ya jabali la pimbi kwa sababu tu kiwanja kipo wazi.

Sumu ya panya iache kwa wenye utaalamu. Huua paka, kuku na watoto kabla haijamaliza panya.

Hatua ya tano: linda ngozi kuanzia machweo hadi alfajiri

Chandarua cha kawaida cha mbu kina matundu ambayo nzi huyu hupenya bila shida. Kinachomzuia ni dawa iliyomo kwenye uzi, si tundu lenyewe. Kwa hiyo chandarua chenye dawa, kizima na kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, ni silaha. Kile cha zamani kilichofuliwa mara nyingi hadi dawa ikaisha ni pazia tu. Vipo vyandarua vya matundu madogo zaidi, lakini katika joto kali watu hukosa hewa na kuvitupa pembeni, na chandarua kilichotupwa pembeni hakimlindi mtu. Shusha chandarua mapema: watoto hulala saa ileile nzi anapoamka.

Nguo za mikono mirefu, suruali na soksi jioni. Dawa ya kujipaka yenye DEET, kiambato cha kufukuza wadudu, kwenye ngozi iliyo wazi, ukifuata maelezo ya kopo. Permethrini, dawa ya kuua wadudu, ni ya kupulizia nguo, kamwe si ya kupaka mwilini. Feni, palipo na umeme, husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ileile ya upepo. Na kwa kuwa nzi huruka chini chini, kulala kitandani ni bora kuliko sakafuni, na ghorofani bora kuliko chini. Wachungaji wanaojikinga na mvua mapangoni wako katika hatari kubwa. Kama hakuna budi, chandarua kiingie pangoni pia.

Kupulizia dawa ya ukoko, ile inayobaki ukutani na kuua mdudu anayetua, hufanya kazi vizuri pale ambapo nzi huingia ndani na kupumzika ukutani baada ya kula, na hufanya kazi vibaya pale wanapouma nje na kuishia mashimoni. India ilijifunza hili bila kukusudia: kampeni ya kupulizia nyumba dhidi ya malaria katika miaka ya 1950 ilikaribia kufuta kalaazar, ugonjwa wa leishmania unaoshambulia viungo vya ndani. Kampeni iliposimama, kalaazar ikarudi miaka ya 1970. Upuliziaji ufanywe na watu waliofunzwa, na zizi lisisahauliwe. Matokeo ya karatasi zako za mafuta ndiyo yatakayokuambia kama ukuta wako unastahili.

Hatua ya sita: kitambue kidonda

Huanza kama kipele chekundu ambacho mtu hudhani ni jipu au kuumwa na mdudu wa jana. Si wa jana. Toka kuumwa hadi kipele kuonekana zinaweza kupita wiki kadhaa au miezi. Kwa hiyo swali si "wiki hii umelala wapi?" bali "msimu uliopita ulikuwa wapi?" Shamba la mbali wakati wa mavuno, kambi ya mifugo, safari ya kwenda mazishini kwa ukoo mwingine: hapo ndipo penye jibu.

Kipele hukua polepole kuwa kivimbe, kisha katikati kunachimbika. Kingo hubaki zimeinuka na kukakamaa, kama mdomo wa chungu. Baadhi hubaki vikavu vyenye gaga, vingine hulowa. Mara nyingi vipo usoni, mikononi au miguuni, sehemu zisizofunikwa. Na haviumi, au huuma kidogo sana. Kidonda kikianza kuuma, kunuka au kutoa usaha mwingi, aghalabu bakteria wamejiongeza juu yake. Wengine huota vinundu vidogo vinavyojipanga kuelekea kwapani au kinenani, au hupata mitoki.

Donda ndugu la kawaida huuma na kunuka. Kidonda cha Buruli, ugonjwa mwingine wa ngozi unaoletwa na bakteria, nacho hakiumi, lakini kingo zake zimeliwa kwa chini, ukipitisha kijiti kinaingia chini ya ngozi. Ukoma, kifua kikuu cha ngozi, fangasi na hata saratani ya ngozi huweza kufanana nacho. Ndiyo sababu macho peke yake, hata ya daktari mzoefu, hayatoshi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kesho: kidonda karibu na jicho, pua, mdomo au sikio, pua iliyoziba au kutoka damu mara kwa mara kwa mtu aliyewahi kuwa na kidonda hiki, hata kama kilipona miaka mingi iliyopita, vinundu vinavyoenea mwili mzima bila kupasuka, na mgonjwa anayeishi na VVU. Aina inayokula utando wa pua na mdomo haijiponyi, nayo hupatikana zaidi Bolivia, Brazili, Peru na Ethiopia.

Kingine ambacho familia inapaswa kusikia kwa sauti: kidonda hiki hakiambukizi kwa kugusana, kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Anayemtenga binti mwenye kovu usoni anaongeza jeraha ambalo hakuna dawa yake.

Hatua ya saba: hospitalini, na kabla ya hospitali

Nyumbani fanya kidogo tu. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa kitambaa safi kilicholegea. Usipake maji ya betri, usichome kwa chuma cha moto, usibandike majani yaliyotwangwa. Kovu la asidi huwa kubwa kuliko lile ambalo ugonjwa ungeliacha.

Mweleze mhudumu kidonda kilianza lini, ulilala wapi miezi iliyotangulia, na kama jirani au mtoto mwingine ana kidonda kama hicho. Kipimo cha kawaida ni kukwangua au kutoa majimaji kidogo kwenye ukingo wa kidonda, kupaka kwenye kioo, kutia rangi ya Giemsa na kutazama kwa darubini. Sampuli ya katikati, penye usaha, mara nyingi haioneshi kitu, kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza imechukuliwa wapi. Palipo na kipimo cha PCR, kinachosoma vinasaba vya vimelea, spishi inaweza kujulikana, na spishi ndiyo inayoamua tiba.

Kidonda kimoja kidogo, mahali pasipo hatari na kwa spishi zinazojiponya, daktari anaweza kuamua kukifuatilia tu. Vingi hupona vyenyewe kati ya miezi 3 na 18, ila kovu hubaki. Vingine hutibiwa palepale: sindano za dawa ya antimoni kuzunguka kidonda, kugandisha kwa nitrojeni kimiminika, mafuta ya paromomaisini, au mashine inayopasha kidonda joto la nyuzi 50 kwa sekunde 30. Mashine hiyo hudhibiti joto kwa usahihi, kisu kilichochomwa motoni hakidhibiti. Vidonda vingi, vikubwa au vya hatari huhitaji dawa ya mwili mzima. Antimoni huweza kusumbua moyo, kongosho na ini, kwa hiyo vipimo vya ufuatiliaji si mapambo. Miltefosini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ni ya kumeza lakini huharibu mimba: mwanamke anayeweza kupata ujauzito anahitaji uzazi wa mpango wakati wa dawa na miezi kadhaa baadaye, na aelezwe hilo kabla ya kidonge cha kwanza.

Chanjo ya binadamu haipo bado. Zamani, Mashariki ya Kati, watu walichukua majimaji ya kidonda na kumchanjia mtoto makalioni kwa makusudi, ili kovu liwe pasipoonekana na uso ubaki salama. Walielewa kinga mapema kuliko maabara. Lakini usijaribu: baadhi ya vidonda hivyo vya makusudi viligoma kupona.

Hatua ya nane: daftari la kijiji

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu au kijana yeyote mwenye mwandiko mzuri anaweza kulitunza. Safu tano zinatosha: mwezi kipele kilipoonekana, umri, kidonda kiko sehemu gani ya mwili, mtu alilala wapi katika miezi sita iliyotangulia, na majibu ya kipimo. Majina yabaki kituo cha afya, daftari litumie namba.

Soma daftari kwa kurudi nyuma. Vipele vikijazana mwezi fulani, hesabu miezi miwili mitatu kabla yake, na hapo ndipo nzi walipokuwa wengi. Wenye vidonda usoni wakiwa ni watoto wadogo wasiotoka usiku, nzi wanauma ndani ya nyumba. Wakiwa ni vijana wa machungani tu, nzi wako porini, na kupulizia dawa kuta za kijiji hakutawafikia. Mwaka unaofuata, karatasi za mafuta ya mbarika zitegwe wiki chache kabla ya mwezi huo mliouhesabu, kuanzia sehemu zilizotajwa mara nyingi katika safu ya nne.